Kwenye tamthilia za Kijapani kazi ya mtu ndio stori yenyewe

Watu wengi waliozoea tamthilia za Kikorea wakijaribu za Kijapani wanaishia episodi ya pili alafu wanasema hizi zimepoa mno, hamna kinachotokea, watu wanainama, wanakula, wanaenda kazini, wanarudi. Naelewa kabisa wanachosema ila nadhani macho yao yako sehemu nyingine. Kwenye zile za Kikorea tunafuatilia mapenzi na ukoo, nani mtoto wa mwenyekiti wa kampuni, mama mkwe atakubali au atagoma, na ofisi inakuwa ni mahali tu pa wale wawili kukutana kwenye lifti. Wajapani kwao kazi yenyewe ndio stori. Unaoneshwa mtu anafanya nini kwa mikono yake tangu asubuhi, anakifanyaje, na ukishaielewa kazi yake unakuta umeshamjua na yeye bila mtu yeyote kukueleza. Hicho ndicho kinachonirudisha kwao kila mara, na ndicho nataka nikichambue hapa pamoja na sehemu ambazo naona wanakosea, maana wanakosea na pengine wanakosea pakubwa.

Nianze na muvi ya zamani, Ikiru ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Mzee Watanabe ni mkuu wa kitengo ofisi za jiji, amekaa karibu miaka 30 bila kukosa kazini, na kazi yenyewe ni kugonga mihuri kwenye makaratasi ambayo hayaendi popote. Mwanzoni kabisa wanaingia kina mama wa mtaa fulani, wamekuja kulalamika kuhusu dimbwi la maji machafu linalowaletea watoto wao magonjwa, wanaomba lifukiwe pajengwe kiwanja cha watoto kuchezea. Dirisha hili linawatuma kwa lile, wa afya wanawatuma kwa wa usafi, wa usafi wanawatuma kwa wengine, wanapanda mpaka kwa naibu meya naye anawaelekeza kwa tabasamu kubwa, na mwisho wa safari wanajikuta wamerudi kwenye dirisha lile lile walipoanzia. Hivi nani kati yetu hajawahi kuzungushwa hivyo? Njoo kesho, faili halionekani, mhusika katoka kidogo. Muvi ina zaidi ya miaka 70, ni ya nchi nyingine kabisa, na bado ukiiangalia ukiwa umetoka kufuatilia hati ya kiwanja unaumia.

Wengi wanaisifia Ikiru kama muvi ya mtu anayekufa, na ni kweli Watanabe ana kansa ya tumbo na muda wake umeisha. Ila mimi kwangu ni muvi ya ofisi kwanza. Akishajua anakufa anajaribu kwanza starehe, pombe na kumbi za muziki, anakuta hazimsaidii chochote, na kinachomwamsha ni wazo dogo tu kwamba hata pale pale mezani kwake kuna kitu anaweza kufanya, anafukua yale malalamiko ya kina mama kwenye rundo la karatasi na anaanza kwenda ofisi moja moja, anasimama mlangoni kwa bosi, haondoki, anadharauliwa, anarudi tena kesho yake. Alafu Kurosawa anafanya kitu ambacho waongozaji wachache wangethubutu, anamuua mhusika mkuu wakati muvi bado ina safari ndefu. Msimulizi anakuambia tu miezi mitano baadaye alifariki. Sehemu yote iliyobaki ni msibani, wafanyakazi wenzake wamekaa wanakunywa na kubishana kiwanja kilijengwa na nani hasa, naibu meya anajibebea sifa, wale kina mama wanaingia wanalia mbele ya picha ya marehemu na ukumbi mzima unakosa pa kuweka uso, na kadiri pombe inavyopanda ndivyo ukweli unavyotoka kipande kwa kipande, mpaka wote wanaapa kwa machozi kwamba kuanzia sasa watafanya kazi kama Watanabe.

Kesho yake ofisini kuna mkuu mpya, linakuja lalamiko, na analituma dirisha lingine. Kijana mmoja anasimama kwa hasira, anawaangalia wenzake, hakuna anayeinua macho, anakaa, na akikaa rundo la makaratasi linamfunika uso. Hapo ndio nilipomuelewa Kurosawa. Angeweza kuishia kwenye ile picha maarufu ya mzee akiimba kwenye bembea huku theluji inadondoka, watu tungefuta machozi tukalala vizuri, lakini alikataa kutudanganya kwamba mtu mmoja mwema anabadilisha ofisi. Waingereza waliitengeneza upya mwaka 2022 kwa jina la Living, mwandishi akiwa Kazuo Ishiguro, ni nzuri na imetulia, ila ile hasira ya ya kwanza haimo.

Sasa ruka miaka 60 mbele mpaka kwenye televisheni ya kawaida ya Jumapili usiku. Hanzawa Naoki, ya kituo cha runinga cha TBS, mwaka 2013, episodi 10 tu, na episodi ya mwisho ilifikia asilimia 42.2 ya nyumba zenye runinga eneo la Tokyo na jirani zake, kiwango ambacho tamthilia za siku hizi hazisogelei. Na stori yenyewe ni nini? Afisa mikopo wa benki. Basi. Meneja wa tawi anamlazimisha apitishe mkopo wa yen milioni 500 kwa kampuni ya chuma bila dhamana, kampuni inafilisika, na lawama zote anatupiwa yeye, kwahiyo anaanza kuzitafuta hizo pesa zilikoenda. Nchi nzima ilikaa mbele ya runinga kuangalia ukaguzi wa mahesabu jamani, vitabu vya hesabu, akaunti zilizofichwa, vikao vya bodi, na ilikuwa inatisha kuliko muvi nyingi za bunduki. Sababu ni kwamba walioandika waliijua benki inavyokula watu, nani anamwogopa nani, kuhamishwa mkoani kunamaanisha nini kwa mtu na familia yake, mkaguzi akiingia ofisini watu wanaficha nini. Hanzawa mwenyewe baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha skrubu na alijiua baada ya benki kumnyima mkopo, na kijana akaenda kuajiriwa benki hiyo hiyo akiwa na kinyongo chake moyoni.

Msemo wake kwamba ukinifanyia nakurudishia mara mbili ulisemwa Japani nzima mwaka ule. Kwenye kikao cha mwisho anamlazimisha mkurugenzi Owada apige magoti mpaka paji la uso liguse sakafu, na Teruyuki Kagawa anayecheza Owada anatetemeka mwili mzima kama vile goti lake limekataa amri, dakika hizo huwezi kutoa macho. Sisi tulivyozoeshwa tunasubiri shujaa apandishwe cheo. Badala yake rais wa benki anamwita na kumpeleka kwenye kampuni tanzu. Kamera inabaki kwenye uso wake na sizini inaishia hapo hapo, watazamaji wakasubiri mpaka 2020 kupata muendelezo. Wapo walioona ni mbinu tu ya kuuza sizini inayofuata, mi naona ni kitu cha kweli kuliko vyote vilivyotangulia, kwamba aliyemshinda bosi hajaishinda taasisi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba Hanzawa hafikirii kuacha kazi. Hata sekunde moja. Hilo nitalirudia chini.

Muvi ambayo ningependa kila mtu wa pwani aione ni Okuribito, nje ya Japani inajulikana kama Departures, ya Yojiro Takita, ilitoka 2008 na mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya muvi ya lugha ya kigeni. Daigo ni mpiga selo, okestra yake Tokyo inavunjwa, anarudi kwao Yamagata na mkewe, anajibu tangazo la kazi akidhani ni ofisi ya mambo ya safari na kumbe ni kampuni ya kuandaa maiti kabla ya kuingizwa kwenye jeneza. Anaosha, ananyoa, anavalisha, anapaka usoni rangi kidogo, na yote anayafanya mbele ya wafiwa waliokaa wakimtazama, bila mwili kuonekana hata mara moja kwa sababu kila kitu kinafanyika chini ya nguo. Aliyewahi kushiriki kuosha maiti kwetu atautambua huo utaratibu papo hapo, ile stara, kuanzia upande gani, mkono unavyopita chini ya shuka bila kumfunua marehemu. Tofauti ni kwamba kwetu wanaoingia kuosha ni ndugu na watu wa mtaa na ni heshima kuitwa, kule ni kazi ya mshahara na anayeifanya ananyanyapaliwa. Lakini na sisi tusijifanye wasafi sana, muulize mhudumu wa mochwari anachumbia vipi, muulize wangapi wanampa mkono wakijua anatoka kazini.

Mkewe Daigo akigundua anamwambia usinishike, we mchafu, na anaondoka. Rafiki yake wa utotoni anamwambia tafuta kazi ya maana. Alafu mama yake yule rafiki, bibi aliyekuwa anaendesha bafu la umma la mtaani kwa kuchemsha maji kwa kuni, anafariki, na Daigo ndiye anayemuandaa huku rafiki na mke wote wawili wamekaa hapo wanaangalia. Hakuna hotuba. Mikono tu, kitambaa, skafu ya yule bibi aliyokuwa anapenda kuvaa. Mke anaielewa kazi ya mumewe kwa kuiona ikifanywa, na siku msiba wa baba yake Daigo unapokuja na wale watu wa mazishi wanaubeba mwili kama mzigo, yeye ndiye anayewaambia mume wangu ndiyo kazi yake hii. Mi nimeiona zaidi ya mara moja na kila mara naishiwa nguvu hapo, kwa sababu kile alichokionea aibu ndicho amekitamka mbele ya wageni. Muziki ni wa Joe Hisaishi na unazidisha kidogo kulilia, hiyo ndiyo lawama yangu pekee.

Kuna Oshin pia, na hii siwezi kuipita haraka. Ni ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, mwaka 1983 mpaka 1984, episodi 297 za dakika 15 kila asubuhi, mwandishi Sugako Hashida, na imeoneshwa kwenye nchi zaidi ya 60. Huko kwao wastani wake ulikuwa asilimia 52.6, yani zaidi ya nusu ya nyumba zenye runinga. Ni stori ya binti wa wakulima wasio na ardhi yao huko Yamagata mwanzoni mwa karne iliyopita, akiwa na miaka saba anapelekwa kufanya kazi za ndani kwa watu na malipo ya mwaka mzima ni gunia moja la mchele ambalo limeshalipwa kwa wazazi kabla hajaondoka. Anashushwa mtoni kwenye boti la magogo katikati ya theluji huku baba anamtazama kutoka ukingoni. Alafu kazi. Kubeba mtoto mgongoni, kufua kwenye maji ya baridi, kuamka kabla ya wote, kula makombo, na mwisho kusingiziwa ameiba hela mpaka anakimbia.

Mtu wa Dar, wa Nairobi, wa Bujumbura haitaji maelezo yoyote hapo, binti kaletwa kutoka kijijini, mshahara unatumwa kwa wazazi, hela ikipotea ndani wa kwanza kupekuliwa ni yeye. Nyumba ngapi tunakaa na Oshin jikoni na tunamwangalia wa kwenye runinga tukilia? Kilicho bora kwa Hashida ni kwamba hakuishia kwenye mateso. Nyumba ya pili anayoenda Oshin, kwa mfanyabiashara wa mchele huko Sakata, bibi wa pale anamfundisha kusoma na kupiga hesabu, na kuanzia hapo kazi ile ile ya ndani inageuka kuwa shule, na ndiyo inayomfikisha kuwa na maduka makubwa uzeeni. Na uzeeni huko Hashida anamuuliza swali gumu, maana tamthilia inaanza na yeye mzee ametoroka siku ya kufungua duka jipya, kwa sababu anaona familia yake imekuwa na tamaa na anataka kukumbuka ilikuwaje wakafika hapo. Tamthilia nyingi za masikini kuwa tajiri zinaishia kwenye utajiri, hii inaanzia hapo na inauliza kulikoni.

Kuhusu ule ukimya unaowachosha watu, naona nao unatokana na hapa hapa. Angalia Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, 1953. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao mjini, mmoja daktari, mmoja ana saluni, na kila mpango wa kuwatoa wazee unavunjika kwa sababu ya kazi, daktari wanajiandaa kutoka anaitwa kwa mgonjwa, mwenye saluni ana wateja. Hakuna mtoto mbaya hapo. Anayewapa siku nzima ni mkwe wao Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, naye inabidi aombe ruhusa ofisini. Wazee hawalalamiki mbele ya watoto wao, wanasema watoto wetu wana kazi nyingi, kamera iko chini usawa wa mtu aliyekaa kwenye mkeka, na wewe ndio unabaki unaumia kwa niaba yao. Angelalamika mmoja tu ungepata nafuu.

Tamthilia ya Midnight Diner nayo iangalieni, ni mgahawa unaofunguliwa saa sita usiku mpaka saa moja asubuhi, mpishi haulizi maswali, anapika unachotaka kama vitu vipo, episodi haifiki nusu saa. Inaingia vizuri usiku ukiwa umechoka.

Lawama sasa. Ya kwanza ndogo, televisheni yao ya kawaida inapenda kupiga kelele. Waigizaji wanakodoa macho, muziki unakuambia cheka hapa lia hapa, na karibu kila episodi ya mwisho kuna mtu anatoa hotuba ndefu wengine wote wamesimama wanamsikiliza. Hata Hanzawa ana hilo tatizo. Ni kama watu wawili tofauti, yule wa sinema anayeamini mtazamaji ana akili na yule wa runinga anayeogopa utabadilisha chaneli. Na stesheni zao zilikuwa zinajitosheleza na soko la nyumbani muda mrefu, haki za picha na nyimbo zikawa ngumu kuziuza nje, kwahiyo wakati Wakorea wanajaza dunia nzima tamthilia nzuri za Kijapani zilibaki zimefungiwa kwao. Kwetu huku ma-DJ wa kutafsiri wamejaa muvi za Kihindi, Kichina na Kikorea, za Kijapani utazitafuta sana.

Lawama kubwa ni hii ya kuipenda kazi mpaka kusamehe kila kitu kinachofanywa kwa jina lake. Perfect Days ya 2023, aliyeongoza ni Mjerumani Wim Wenders ila ni Tokyo tupu na Japani ndiyo iliyoipeleka kwenye Oscar, Koji Yakusho anacheza msafisha vyoo vya umma Shibuya na alistahili kabisa tuzo aliyopewa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Anasafisha kwa upendo, anaweka kioo kidogo aangalie hata sehemu za chini zisizoonekana, anasikiliza kaseti zake, anapiga picha majani. Nimeipenda, nisiseme uongo. Lakini vile vyoo vimechorwa na wasanifu majengo wakubwa kina Tadao Ando na Kengo Kuma, na Wenders mwanzoni aliitwa kwenda kutengeneza filamu fupi za hivyo vyoo vyenyewe, na inaonekana, ni visafi kabla hajavisafisha. Choo cha stendi siku ya sikukuu hakifanani na vile. Pale dada yake anapokuja na gari na dereva wake na kumuuliza ni kweli unasafisha vyoo, tunagundua kwamba yule mzee ametoka kwenye hela na umasikini wake kauchagua mwenyewe. Aliyechagua na asiyechagua hawaishi maisha mamoja, na muvi inapita juu ya hilo kwa haraka sana.

Ndio maana namuweka muongozaji Hirokazu Kore-eda juu. Shoplifters, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya Cannes, mwaka 2018, inaonesha kazi bila kuipamba. Baba ni kibarua wa ujenzi, anaumia kazini, halipwi fidia. Mama yuko kwenye kiwanda cha kufua na kupiga pasi nguo, na siku moja bosi anawaambia yeye na mwenzake kwamba mmoja wao inabidi aache kazi, kubalianeni wenyewe nani. Hakuna ukatili mkubwa zaidi ya huo kwenye muvi nzima na unafanyika kwa sauti ya upole. Mwenzake anamtisha kwamba anajua siri yao, kuna mtoto wa watu wamemchukua wanaishi naye, na yeye anaiachia kazi ili amlinde mtoto. Familia inaishi kwa pensheni ya bibi na kwa kuiba dukani. Kiki Kirin anayecheza bibi alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo.

Na runinga nayo imeanza kujibu. Mwaka 2019 TBS walitoa tamthilia ya Watashi, Teiji de Kaerimasu, episodi 10, ya dada mmoja kwenye kampuni ya kutengeneza tovuti ambaye ikifika saa kumi na mbili jioni anafunga kompyuta anaondoka kwenda kunywa bia mgahawa wa Kichina kabla punguzo halijaisha. Ilianza kuoneshwa mwezi Aprili, mwezi ule ule sheria mpya ya kuweka kikomo cha saa za ziada ilipoanza kutumika kwa kampuni kubwa. Yuriko Yoshitaka anaicheza bila kiburi, hawashutumu wanaobaki, na polepole unajua kwamba kazi iliwahi kumvunjia uchumba na karibu imvunje na yeye. Wenzake wanamuona mvivu wakati kazi yake yote imekamilika, inamkera bosi na inawakera wanaokesha, na kila mmoja wao ana sababu yake ya kuogopa kurudi nyumbani, ambayo tamthilia inaichukua moja moja na kukaa nayo. Hanzawa angekuwa ameangalia hii kabla rais wa benki hajamwita, sijui kama angeupokea uhamisho ule bila hata kufikiria kuacha kazi.